Siku Fito za Hooyo Ziliposhuka

Nimeamua kuwa seremala. Msinicheke. Nina kazi yangu ya ofisi hapa Garissa, nina watoto, nina mume anayeamini kwamba msumeno ni kitu cha kuazima kwa jirani, na bado nimeamua kwamba nyuma ya nyumba yetu, kati ya tangi la maji na ule mwarobaini, patakuwa na mahali pangu pa kupigia randa. Nimekuwa nikijifunza kwenye simu. Kuna mzungu mmoja mwenye ndevu anayefundisha wanaoanza, na bustani yake ina majani ya kijani mpaka inaudhi. Anasema kwa upole sana kwamba unapopanga mahali pako pa kazi, hakikisha unapata jua la kutosha. Jua, mimi, Garissa. Nilizima simu nikacheka peke yangu.

Basi juzi mzee mmoja anayeuza kuni kwenye njia ya kwenda mtoni akaniletea fito za mgunga za kusimamishia kivuli. Alikuwa amezilowesha ili zipindike. Nilipoitia ya kwanza msumeno wangu mpya, harufu ikatoka, na sijui niwaelezeje harufu hiyo. Ni ya mti mkavu ulionyweshwa maji. Ina uchungu kidogo, halafu ina moshi ndani yake, hata kama haujawahi kukaribia moto. Nilikaa chini palepale mchangani na nguo zangu za ofisini. Mtoto wangu wa mwisho akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia kidogo tu, maana kumweleza kungenichukua siku nzima.

Nyinyi mliokua hapa wakati mmoja na mimi mnaikumbuka ile Garissa. Mnakumbuka mchanga uliounguza nyayo, wale makorongo wakubwa waliosimama juu ya jaa wakitutazama utadhani wanatudai, na mabati yaliyokuwa yakialika kwa mlio kila jua likianza kushuka. Sisi tuliletwa mjini na ukame. Ngamia walikuwa wameisha, na walioponea waliuzwa wakiwa mifupa. Mimi sikumbuki lolote la huko. Nilibebwa. Kumbukumbu zangu zinaanzia kwenye ua wetu wa mjini, nyumba ya mabati, choo cha pembeni, mwarobaini mmoja, na kwenye ukuta wa nje, chini ya ukingo wa bati, fito za Hooyo.

Hooyo ni mama yangu. Nyumbani tulizungumza Kisomali, na hilo ndilo jina nililomwitia mpaka alipozikwa, kwa hiyo niachieni nilitumie. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Fito zile zilikuwa mifupa ya nyumba yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na sisemi hivyo kwa kubembeleza mtu. Msichana akiolewa, mama yake na shangazi zake humkatia mizizi ya mgunga, huipinda, humsukia mikeka, na nyumba hiyo, aqal, inakuwa mali yake. Anaisimamisha yeye na kuibomoa yeye, na siku ya kuhama anaipakia yeye juu ya ngamia. Mwanamume analala humo kama mgeni wa heshima. Wakigombana, kila mtu anajua ni nani atakayetoka.

Mikeka ya Hooyo ililiwa na mchwa mwaka wetu wa kwanza mjini. Fito zilibaki. Alizifunga mafungu mafungu kwa kamba, akazitundika juu ili mchwa asizifikie, na kila baada ya muda alizishusha moja moja, akaipaka mafuta ya mnyama, akairudisha. Hapakuwa na ruhusa ya kuzigusa. Hata nguo hukuanika hapo. Nilizaliwa chini ya fito hizo, niliambiwa, na mara nyingi nilisimama chini yake nikazitazama, nikijaribu kukumbuka.

Hooyo hakuwa msimulizi. Lakini zilikuwapo jioni, maziwa yote yameuzwa na miguu yake iko kwenye beseni la maji, ambapo alisimulia habari za baadiye, yaani kule porini kwenye mifugo, na alipofanya hivyo alikuwa mtu mwingine. Sauti ililainika. Mikono ilianza kuzungumza. Na kila kisa kilianza vilevile: basi tukashusha fito. Tukashusha fito, tukaenda mpaka mahali fulani, kulikuwa na mvua. Tukashusha fito, tukamkuta babu yako na ngamia mweupe. Mimi nilisikiliza mdomo wazi. Katika kichwa changu baadiye ilikuwa nchi ya baridi na maziwa, ambako hakuna mtu anayeosha mitungi sokoni, ambako Hooyo alicheka. Niliitamani mpaka nikawa siwezi kulala. Na nilijua sheria yake, ambayo hata mtoto mjinga angeijua: fito zikishuka, watu wanahama.

Sasa baba yangu, Aabo. Aabo alikuwa mtu wa ngamia asiye na ngamia, na nyinyi mnajua vile mjini palivyojaa wazee wa namna hiyo, wamekaa kwenye vivuli wakihukumu magari. Aabo hakuiweza kazi hiyo. Alipenda kuzungumza, lakini alipenda zaidi kuwa na kitu mkononi. Jirani yetu alikuwa Musyoka, fundi wa vitanda aliyekuja kutoka Mwingi, na Aabo alianza kwenda kukaa kwenye kibanda chake, kwanza kumfundisha habari za dunia, halafu kumshikia mbao, halafu siku moja akarudi nyumbani na msumeno wa zamani ambao nusu ya meno yake yalikuwa yamelala. Musyoka alikuwa amempa. Akamwambia aanze na kitu kidogo.

Kitu kidogo ambacho Aabo alikianza kilikuwa kengele ya ngamia. Alichukua kipande cha mti, akakichimba kwa kisu na patasi siku nyingi, akakitia ulimi wa mti ndani, na ilipotikiswa ilitoa ule mlio wa chini, tok, tok, tok, ambao mimi nilikuwa sijawahi kuusikia na bado ulinisimamisha nywele. Musyoka alikuja kuitazama kazi ya mwanafunzi wake. Aliigeuza mkononi kwa heshima.

"Mzee, huyu ngamia yuko wapi?"

"Mti yenyewe ilitaka kuwa kengele," Aabo akamjibu kwa Kiswahili chake. "Ngamia itakuja bole bole."

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kwenye kivuli cha choo nikisikia kila kitu. Ngamia atakuja. Nililichukua neno hilo nikaenda nalo kulala.

Kitu cha pili kilikuwa ubao wangu wa duksi, yaani chuo cha Kurani. Hapa mjini tulisoma Kurani kwenye vijuzuu vya karatasi, kila mtoto na chake. Ubao wa kuandikia kwa wino wa mkaa na kuuosha ukishahifadhi ni mambo ya baadiye, na Hooyo alishanieleza hivyo. Sasa kwa nini Aabo anichongee ubao? Aliupiga msasa mpaka ukawa laini, akautoboa tundu la kamba ili uning'inie begani, na nilipouvaa nilihisi mgongo wangu tayari uko njiani. Kisha likaja sanduku. Aabo hakuamini misumari. Alisema kitu kilichopigwa misumari kimefungwa kwenye sehemu moja kama mbuzi wa mjini. Kwa hiyo sanduku lake lilikuwa la mbao zilizotobolewa na kushonwa kwa kamba za ngozi, na mtu aliweza kulifungua lote likalala bapa. Musyoka alishika kichwa. Akamwambia, mzee, hili sanduku likiwekwa nguo linapumua. Aabo akasema ndiyo, na likiwekwa juu ya ngamia halivunjiki.

Niambieni, mtoto afikirie nini? Kengele, ubao, sanduku la safari. Mimi nilikuwa nikijumlisha tu.

Halafu akaanza kuupima ua. Leo najua alichokuwa akifanya, kwa sababu nimekifanya mwenyewe wiki hii nikiwa na futi ya chuma na simu: alikuwa akipanga mahali pake pa kazi. Kibanda cha Musyoka kilikuwa kidogo na wawili hawakutosha. Jua letu linapasua mbao na kumpasua fundi pia, kwa hiyo jambo la kwanza ni kivuli, na Aabo hakukadiria kivuli kwa macho. Kila aliposwali aliweka jiwe pale ukingo wa kivuli cha nyumba ulipofika. Jiwe la dhuha ya asubuhi, jiwe la adhuhuri, jiwe la alasiri. Baada ya siku kadhaa ua wetu ulikuwa na mistari ya mawe, naye akitembea kati yake na kamba, akisimama, akigeuka, akikaa chini, akijifanya anakata mbao hewani ili aone kiwiko chake kitagonga nini. Alichora mpango wote kwa mkaa juu ya boksi la sabuni. Mbuzi wa jirani akala boksi. Aabo akatangaza kwamba mpango umepitishwa.

Mimi niliyaona mawe yale na moyo ukanidunda. Ni wazi yalikuwa mahali ambapo ngamia watapigishwa magoti wapakiwe. Nilihesabu nafasi, nikaona watatosha. Nilimchagulia kila mtu ngamia wake, na wangu nikampa ule mstari wa alasiri, karibu na mwarobaini, apate kula majani.

Tulikuwa na kila kitu isipokuwa miti ya kusimamisha kivuli. Mbao za kununua hazikuwa za watu kama sisi, na mathenge iliyojaa kando ya mto ina miiba na haipindiki inavyotakiwa. Katika ua ule kulikuwa na miti mizuri ya aina moja tu, migumu, iliyokwisha kupindwa na kupakwa mafuta kwa miaka, na ilikuwa ukutani, na haikuwa yake.

Nilimwona akimwomba. Hooyo alikuwa amerudi kutoka sokoni, amechuchumaa akisuuza mitungi ya maziwa, na Aabo akaja akakaa mbele yake juu ya kigoda alichojitengenezea, kile chenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo alikuwa akiyumba kidogo. Nilikuwa dirishani. Sikuwasikia. Niliona tu kwamba Aabo, ambaye angeweza kumuuzia mtu upepo, aliongea akitazama vidole vyake vya miguu. Aliuonyesha ukuta. Akaonyesha mawe. Akashusha mkono. Hooyo alishika mtungi mmoja akausuuza, akaumwaga, akautia maji tena, akausuuza, na ulikuwa umeshatakata tangu mwanzo. Nikiwa mtu mzima nimekaa na picha hiyo mara nyingi. Alikuwa ameombwa nyumba yake. Mtu akikuomba fito za aqal ili azitie kwenye kitu cha mjini, anakuuliza kama utawahi kurudi, hata kama mdomo wake unasema habari za kivuli. Nadhani Aabo alilijua hilo, na ndiyo sababu hakuweza kuinua macho. Wakati ule mimi niliona mume na mke wakipanga safari.

Hooyo alisimama, akaweka mitungi juani, na alipopita dirishani kwangu ndipo nikasikia.

"Nitazishusha mimi," alisema. "Wewe usiziguse."

Nilijifunika shuka nikalia kwa furaha. Sikumuuliza mtu. Hooyo alikuwa amenifundisha kwamba kule kwao safari haitangazwi, watu huamka tu wakaanza kupakia, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba ni mtu wa kule. Nilifanya matayarisho yangu kimya. Nilimuaga mwalimu wa darasa, naye akanitakia safari njema bila kuinua kichwa kutoka kwenye vitabu alivyokuwa akisahihisha. Nilimuaga rafiki yangu Habiba, tuliyekaa naye dawati moja, na huyo alilia sawasawa, kama inavyotakiwa. Habiba alikuja shule na ndara. Mimi nilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vipya, ambavyo Hooyo alinipatia kwa kujinyima kitu ambacho hakukisema. Baadiye hakuna shule, na mchanga wa kule, nilivyousikia, ni laini. Nikavua nikampa. Nilirudi nyumbani peku, nikiruka kutoka kivuli hadi kivuli, na sijawahi kujihisi tajiri hivyo tena.

Zilishuka Jumamosi. Hooyo hakwenda sokoni, jambo ambalo peke yake lilikuwa kama sikukuu. Alichimba mfereji mwembamba, akautandika karatasi ya nailoni, akautia maji, akazilaza fito ndani zinywe. Aabo alikuwa ameambiwa akae mbali na alikaa mbali, kwenye kizingiti, mikono kati ya magoti. Mimi niliitwa. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha wakati yeye akipinda. Harufu ikajaa ua mzima, ileile iliyonikalisha juzi, na Hooyo akawa yule mtu mwingine, ila safari hii mchana, na mbele yangu. Alizungumza na fito. Hii alikatiwa na shangazi yake, huko Bute. Hii ni ya Lafey, ya kwanza ilivunjika chini ya ngamia mkaidi, na walipitisha usiku wa mvua na nyumba yenye pengo. Hii ndiyo nilikuwa nimeishika kwa mkono siku ulipozaliwa wewe, akasema, na akaishika tena pale, nikaona kwamba mti ule ulikuwa na sehemu iliyong'aa kuliko nyingine.

Aliisimamisha bila kupima chochote. Alichoma ncha ardhini, akapinda, akafunga, akazunguka, akapinda, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imesimama katikati ya ua wetu, kati ya mawe ya Aabo, nyumba ya mistari mitupu, mviringo, nzuri kupita kitu chochote nilichokuwa nimekiona. Aliponiachia ncha ya mwisho niliingia ndani nikalala chali mchangani.

Ningeweza kuwa bado nimelala pale. Anga ilikuwa imekatwa vipande vipande, kila kipande na buluu yake. Maua madogo ya mwarobaini yalidondoka yakapita kwenye nafasi, mengine yakanasa kwenye kamba. Korongo mmoja alipita juu, na ilimchukua muda mrefu kuvuka kutoka upande mmoja wa nyumba yangu hadi mwingine. Niliufumba mkono wangu kwenye ile sehemu iliyong'aa. Ardhi ikaanza kuyumba polepole, mbele na nyuma, na nikajua tumeshapakiwa, tunakwenda, na Hooyo yuko mbele akivuta kamba, na anacheka. Nikalala usingizi.

Niliamshwa na sauti ya Musyoka. Alikuwa amekuja na msumeno wake mzuri, wenye meno yote, na misumari ndani ya kopo, amesimama nje ya fito na kichwa chake kimezipita juu. Alikuwa na huzuni ya mtu anayelazimika kusema jambo.

"Mama, kazi ni safi. Lakini fundi hawezi kusimama humu," alisema. "Ubao hauwezi kugeuka. Itabidi zikatwe huku chini, zipigiwe misumari juu ya nguzo."

Mimi nilikaa nikajifuta mchanga usoni. Sikuelewa fundi anaingiaje. Aabo alikuwa ameshatoka kizingitini, mbio.

"Zisikatwe," akasema. "Mimi nitafanya kazi nikiwa nimekaa. Babu zetu walichonga wamekaa."

Hooyo alirudi kwenye kamba. Alikuwa akikaza fundo ambalo lilikuwa limekaza. Fito iliyokatwa haihami tena, hilo hata mimi nililijua. Ikipungua urefu haipatani na wenzake, na nyumba haisimami. Na hapo ndipo alipoingia mama yake Habiba, ambaye nilimwita eedo, shangazi, ingawa hatukuwa na damu moja. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi na macho mekundu. Aliiona nyumba imesimama, akashika kifua.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Hooyo akamuuliza ni kweli nini. Basi akaeleza yote, pale mbele ya watu: viatu ambavyo binti yake alikuja navyo miguuni, machozi, mtoto wako amesema mnarudi baadiye. Hakuweza kuvichukua, njia ya kule ina miiba, na amekuja kuwaombea dua mwondoke salama. Akavitoa viatu vyangu akaviweka chini kando ya jiwe la alasiri. Akasubiri ajibiwe.

Hooyo alinigeukia. Alikuwa hajakasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Umesema hivyo?"

"Fito zimeshuka," nikamwambia.

Nilimtazama Aabo anisaidie. Aabo ndiye aliyekuwa na maneno. Yeye ndiye angesema jambo la kuchekesha, sote tungepona. Lakini Aabo hakuwa akinitazama mimi, wala mgeni. Alikuwa akimtazama Hooyo, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, hana hata tone la mzaha, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa akisubiri jibu. Kengele, ubao, sanduku la kupakia. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na alikuwa amejumlisha vilevile kama mimi. Hooyo angesema twende, Aabo angeondoka siku hiyohiyo, kwa miguu, bila ngamia hata mmoja.

Hooyo alinyoosha mkono kwa Musyoka mpaka akaelewa kwamba anataka msumeno. Akampa. Hooyo alizungumza Kiswahili sokoni tu, cha kuuzia maziwa, lakini alichosema alikisema kwa Kiswahili, nadhani ili pasiwe na mtu hata mmoja katika ua ule ambaye hakusikia.

"Nyumba ni yangu. Mimi nikisema tumefika, tumefika."

Halafu akamgeukia Aabo, kwa Kisomali, kwa upole. "Shika hapa."

Aabo akashika. Hooyo hakuwa amewahi kukata kwa msumeno maishani mwake, na ulikwama, ukaruka, ukakwaruza. Musyoka alisogea kumsaidia, akatikisiwa kichwa, akarudi nyuma. Mimi nilipiga mayowe. Nilimwambia aache, nikamwambia namchukia, nikamshika pindo la nguo nikavuta, na yeye akaendelea kukata na mimi nimemning'inia. Unga wa mti ulimwagika kwenye miguu yake mitupu. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikienda, na nilidhani anasoma dua, lakini nilipokuwa karibu vile nilisikia kwamba alikuwa akitaja mahali. Bute. Visima. Lafey. Mahali pengine sikupajua na sikuwahi kumuuliza. Alikuwa akivitaja vituo vyote ambako alikuwa ameisimamisha nyumba yake, kwa mpangilio wake, mpaka kipande kikaanguka mchangani.

Alikiokota, akakifuta kwa kanga yake. Alikwenda nacho jikoni, kwenye mafiga ya nje, akakisukuma motoni katikati ya mkaa, akabandika sufuria ya chai. Kilishika moto mara moja, ingawa kilikuwa kimelowa, kwa sababu ya yale mafuta yote. Akamwambia mama yake Habiba akae, asiondoke na dua mkononi, yapo maziwa yaliyobaki. Akamwambia Musyoka naye akae. Akanipangusa pua kwa upande wa kiganja chake, kwa nguvu kidogo, akanipa kikombe, na mimi nikanywa huku nalia, na chai ilikuwa tamu, na nilikuwa na hasira nayo.

Aabo alikuwa bado amesimama palepale, mikono yote miwili kwenye ile fito, ameikaza kama vile ukataji unaendelea. Hooyo akampelekea chai. Alingoja kidogo mbele yake na kikombe, kisha akamwambia kwamba sasa anaweza kuiachia.